Je, Mlima Unalipwa?

Mara hii hatuandiki habari za kwaya wala za kutengeneza paa. Tunaandika juu ya swali tuliloulizwa na jirani yetu. Siku ile tulishindwa kulijibu. Tulilibeba kwa baiskeli mpaka Mbarara, na hata sasa hatusemi kwamba tumelimaliza.

Jirani huyo ni baba wa watoto watano. Alitoka Kivu ya Kusini na kufika hapa Nakivale mwaka 2011. Kwa miaka mingi alifuatilia faili lake la kupelekwa nchi ya tatu: mahojiano, tena mahojiano, kupimwa afya, masomo ya kuelekezwa maisha ya huko. Mwishoni mwa mwaka 2024 akaambiwa tarehe ya ndege. Akauza mbuzi wanne, vitanda, masufuria, hata mabati ya jiko. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari nyingi zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Ya kwake ilikuwa mojawapo. Alirudi na watoto wake katika nyumba isiyo na kitanda.

Jumapili moja baada ya ibada tulikuwa tumekaa naye kivulini. Mzee mmoja akamwambia, kwa nia njema kabisa: "Vumilia, mwanangu. Kila mlima una mteremko wake." Jirani akamtazama, akajibu kwa heshima: "Mzee wangu, nimepanda miaka kumi na minne. Nionyeshe huo mteremko."

Hakuna aliyesema neno. Mzee alikohoa. Sisi tulijifanya tunatafuta ufunguo mfukoni.

Swali lake ni hili: je, mlima unalipwa? Mtu akipanda kwa taabu, je, anadai kitu? Na kama malipo hayaji, miaka aliyopanda ni ya nini?

Safari yenyewe

Wiki chache baadaye, katika kiangazi cha mwaka 2025, cherehani ya kikundi cha akina mama ilikwama. Gurudumu lake halikuzunguka tena. Fundi wa hapa aliifungua, akatikisa kichwa, akasema kipuri chake hakipatikani ila Mbarara. Fedha za kikundi zilitosha kipuri, hazikutosha kipuri na nauli. Tukajitolea kuipeleka kwa baiskeli. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, kwa hiyo hatukuogopa njia. Tuliogopa milima tu.

Tuliondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya ziwa. Tunasema "tuliondoka" kwa desturi ya ukurasa huu, lakini juu ya tandiko alikuwa mtu mmoja. Mwenzetu aliyepangwa kufuatana nasi aliamka na homa. Kwa hiyo siku nzima hapakuwa na wa kuzungumza naye ila swali la jirani.

Baiskeli yetu, au kinga kama wengi tuliotoka Kongo tunavyoiita, ni ile nyeusi ya chuma isiyo na gia. Uzito wake ni kama kilo 22. Kichwa cha cherehani, kilichofungwa nyuma kwa mipira ya tyubu, kilikuwa kama kilo 13. Mwendeshaji ni kilo 65. Ukiacha maji, mihogo ya kuchemsha na kichane kimoja cha ndizi mbivu, ni kilo 100 zilizopaswa kuvuka milima ya Isingiro. Kutoka kwetu mpaka Mbarara ni kama kilomita 60.

Anayeijua milima hiyo anajua tabia yake. Unapanda, unaona anga mbele, unafikiri umefika. Kumbe umefika begani tu, na kichwa cha mlima kiko nyuma yake. Ukiwa na mwenzako mnacheka. Ukiwa peke yako unatazama chini, kwenye changarawe mbele ya gurudumu, na unahesabu: hatua mia moja, halafu pumzi. Hatua mia nyingine, halafu pumzi. Wenyeji waliokuwa wakishuka na ng'ombe wao wa pembe ndefu walitusalimu, "Agandi," nasi tukaitikia kwa sauti ambayo haikuwa na nguvu.

Kwa sababu ya lile swali tulichukua daftari. Kila tulipoanza kupanda tuliandika saa, na kila tulipofika juu tuliandika saa. Vivyo hivyo kwenye miteremko. Tulitaka kujua, kwa hesabu na si kwa methali, mteremko unalipa kiasi gani.

Hesabu ya mlima

Chukueni mlima mmoja tu. Tuliupanda kilomita sita kwa saa moja na nusu, nusu tukiendesha na nusu tukikokota. Upande wa pili tulishuka kilomita sita kwa dakika 24. Hatukuthubutu kwenda mbio zaidi ya hapo kwa ajili ya changarawe na mzigo. Kupanda ilikuwa kilomita 4 kwa saa, kushuka kilomita 15 kwa saa. Mtoto wa shule atajumlisha, agawanye kwa mbili, aseme wastani wetu ulikuwa kilomita 9 na nusu kwa saa. Atakuwa amekosea. Kilomita 12 kwa dakika 114 ni kilomita 6 na kidogo tu kwa saa. Sababu yake ni nyepesi: hatukukaa mteremkoni muda ule ule tuliokaa mlimani. Mlima unachukua saa, mteremko unachukua dakika.

Jioni tulijumlisha daftari lote. Tulikuwa njiani saa kumi. Saa mbili zilikwenda kwa kupumzika na matengenezo. Saa tano tulikuwa tunapanda. Saa moja na dakika 50 tulikuwa kwenye tambarare. Kushuka kulichukua saa moja na dakika kumi tu. Kwa kila dakika moja ya kushuka tulilipa zaidi ya dakika nne za kupanda.

Kuna hesabu nyingine, ya chakula. Kuinua kilo 100 mita 100 kwenda juu kunahitaji nguvu ambayo mwili unaipata katika ndizi moja mbivu hivi, kwa maana misuli inageuza kama robo tu ya chakula kuwa kazi, na sehemu iliyobaki inakuwa joto na jasho. Basi mita mia ni ndizi moja. Je, ukishuka mita mia unarudishiwa ndizi yako? Hapana. Kwenye mteremko mkali tulibana breki mpaka tukasikia harufu ya raba, na ukingo wa gurudumu ukawa moto hata haushikiki. Nguvu yote tuliyoipandisha kwa jasho iliishia pale, kuchoma raba za breki.

Na hapo ndipo tulipoharibikiwa. Raba moja ya breki ya mbele iliisha na kuchomoka katikati ya mteremko. Tulisimamisha baiskeli kwa mguu na kwa ukuta wa udongo wa kando ya njia. Goti lilichubuka, cherehani ikasalimika. Katika saa zote tano za kupanda hatukuanguka hata mara moja. Tuliangukia mahali penye raha.

Majibu mawili tunayoyapenda mno

Tulikaa kando ya njia tukifuta damu, na tukaanza kuyapima majibu ambayo watu hutoa.

Jibu la kwanza ni lile la mzee: mteremko ni mshahara wa mlima. Ni neno la faraja, na waliotufariji kwalo walitupenda. Lakini hesabu inalikataa. Kama mteremko ni mshahara, basi ni mshahara mdogo sana, na ndizi hairudi. Tena si kila mtu anaanza na mlima. Waliowahi kukaa Goma wanawajua vijana wa chukudu, ile baiskeli ya mti isiyo na pedali. Wao hushuka kutoka vilimani wakiwa na mzigo wa mkaa, makabeji au viazi, kisha huisukuma chukudu tupu kupanda kurudi kwao. Mteremko wao unakuja kwanza, na ndio wa hatari, kwa kuwa mzigo uko nyuma ya shingo. Nani amemkopesha nani hapo? Wenzetu waliokwisha kuondoka nao hutupigia simu kutoka ng'ambo na kutuambia habari za kazi za usiku, kodi ya nyumba na watoto wanaosahau lugha. Hawajuti kwenda. Lakini hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba sasa anashuka tu.

Jibu la pili linasema mlima hukukomaza, kwa hiyo ushukuru. Tunaliogopa jibu hili kuliko la kwanza. Ni kweli miguu hupata nguvu kwa kupanda. Lakini magoti pia huisha kwa kupanda. Miezi michache baada ya safari yetu, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na ukijumlisha vilima vyote walipanda zaidi ya mita 5,000. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Wengi wa walioanza hawakumaliza, nao ni watu wanaolipwa kupanda, wenye baiskeli nyepesi, madaktari na magari ya chakula nyuma yao. Kama milima inawashinda hao, tusimwambie mama aliyepunguziwa mgawo wa chakula kwamba njaa inamkomaza.

Liko na jambo zito zaidi. Mlima wa Isingiro haukuwekwa na mtu. Lakini vita vilivyotutoa Kivu viliwekwa na watu. Mgawo unaopunguzwa, faili linalokaa miaka, tarehe ya ndege inayofutwa, yote hayo ni milima iliyotengenezwa kwa mikono ya watu. Tulipofika Kabingo tukaingia barabara ya lami. Pale unaona jinsi kilima kilivyokatwa na mahali pa bonde palivyojazwa udongo, ili mwinuko ulegee na gari lipite. Mwenye uwezo wa kukata kilima hukikata. Kwa hiyo anayesifu uvumilivu wa mwenzake ajiulize kwanza kama hana jembe la kupunguza ule mwinuko. Kumwambia mtu "vumilia" huku umekalia jembe ni kumwongezea mzigo. Na sisi wenyewe tunajishitaki: siku ile kivulini tulikuwa na vitanda viwili vya akiba vya wageni, na ilipita wiki nzima kabla hatujakumbuka kumpelekea kimoja.

Anayechagua mlima na asiyeuchagua

Yuko mtu mmoja aliyetujia akilini siku ile, kwa kuwa naye alikuwa peke yake. Ni Kazimierz Nowak wa Poland. Alianza mwaka 1931 kule Libya, akaivuka Afrika kwa baiskeli mpaka Rasi kule Afrika Kusini, kisha akarudi kaskazini mpaka Aljeri mwaka 1936. Safari yote ilikuwa kama kilomita 40,000, mahali pengine akitembea kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia au kwa mtumbwi. Alipita na katika nchi zetu za Kongo na Rwanda. Alikuwa na mke na watoto nyumbani, na aliandika habari na kupiga picha ili wapate chakula.

Mtu atasema: huyo alichagua mwenyewe, sisi tulifukuzwa. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa. Anayechagua mlima anaweza kugeuza baiskeli akarudi kwake. Mkimbizi hawezi. Hatutaki mtu yeyote achanganye mambo hayo mawili.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Nowak alifika nyumbani mwishoni mwa 1936, akafariki mwaka uliofuata, 1937. Kama maisha yake ya kweli yalikuwa yale ya baada ya safari, yaani kupumzika kwa mkewe, basi aliishi miezi tu, na ile miaka mitano ya njiani ilikuwa ya kungojea. Nani atasema hivyo? Watu leo wanamkumbuka kwa yale aliyoyaona, aliyoyaandika na aliyoyapiga picha huko njiani. Alikuwa hai akipanda.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kwamba swali la jirani, lilivyo la haki, lina kitu ndani yake ambacho kinamdhulumu yeye mwenyewe. Anauliza: "Nionyeshe mteremko," kana kwamba miaka 14 haihesabiki mpaka mteremko uonekane. Lakini katika miaka hiyo alizaa watoto wawili kati ya hao watano. Alimfundisha mkubwa kusoma kwa mkaa ukutani kabla hajapata nafasi shuleni. Alichimba kaburi la mama yake hapa. Hiyo si miaka ya kungojea. Ni maisha ya mtu, na ni sehemu kubwa yake. Kumbukeni daftari letu: saa tano dhidi ya saa moja na dakika kumi. Anayeihesabu miteremko tu kuwa ndiyo maisha anatupa sehemu kubwa ya siku yake.

Wanaokaa mlimani

Turudi njiani, kwa sababu jambo lililotusaidia kuliko yote hatukulifikiri wenyewe. Tulionyeshwa.

Baada ya kuanguka tuliikokota baiskeli mpaka kwa fundi aliyekaa chini ya mti kwenye njia panda. Hakuwa na raba mpya. Alichukua tairi kuukuu la pikipiki, akakata kipande kwa kisu, akakichonga kikaingia mahali pake. Alituomba ndizi mbili kuwa malipo, kisha akakataa ya pili.

Tukaanza mlima mwingine. Mbele yetu kijana mwenyeji alikuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu minne ya matoke, miwili huku na miwili huku. Tukamsaidia kusukuma, naye mahali penye mwinuko mkali akaacha ya kwake ikiegemea mti, akaja kutusaidia ya kwetu. Hivyo tulipanda wote wawili, tukisukuma baiskeli mbili kwa zamu. Tulizungumza Kiswahili kidogo na Kinyankole kidogo. Tulimwambia, kwa kuhema, kwamba mlima wao huu ni mbaya. Tulidhani atakubali.

Akashangaa. Alisema: "Mlima si mbaya. Nyumba yetu iko hapo." Akaonyesha kwa kidevu. Katikati ya mlima, si juu wala chini, palikuwa na nyumba ya mabati, migomba imeizunguka, na mwanamke anatandaza maharage juani. Aliposikia kwamba tunahesabu saa za kupanda alicheka. Yeye hana saa ya kupanda. Anapanda kwenda dukani, anashuka kwenda kisimani, anavuka ubavuni kwenda kwa shangazi yake. Migomba ile imepandwa kwenye mteremko na imestawi pale pale. Kwetu mlima ulikuwa kizuizi kati ya Nakivale na Mbarara. Kwake ni shamba, ni jikoni, ni kwao.

Tulikunywa maji kwao. Tulikaa labda nusu saa, kisha tukaendelea. Njia haikupungua hata mita moja, na ndizi bado zilikuwa moja kwa kila mita mia. Lakini tuliacha kutazama changarawe tu. Tuliona kwamba kando ya njia yote, katika sehemu zile zile tulizokuwa tunaandika "kupanda, kupanda, kupanda", watu walikuwa wamejenga, wamezika wazee wao na wamepanda miti.

Tunajua mtu atatupinga hapa, na ana haki. Kijana yule ana hati ya shamba au urithi wa babu yake. Sisi tuna kadi na kiwanja cha kuazimwa. Si sawa. Makazi haya yapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na katika muda huo wengi wamekuja na wengi wameondoka. Kukaa mlimani kwa mtu ambaye kesho anaweza kuitwa arudi au aende hakufanani na kukaa kwa mwenyeji. Hatusemi tusahau kwetu, wala hatusemi mwenye faili alichane. Tunasema jambo dogo zaidi: kungojea gari hakukatazi kupika. Anayengoja gari kando ya njia bila kula kwa sababu gari linaweza kufika wakati wowote, gari lisipofika atakuwa amepoteza vitu viwili, safari na chakula.

Mparachichi

Hapa lazima tuungame. Mwaka 2012 shirika moja liligawa miche ya parachichi, avoka kama tunavyoita kwetu. Jirani yetu hakuchukua. Nasi hatukuchukua. Sote wawili tulikuwa na sababu ile ile: kupanda mti ni kukubali kwamba hatuondoki. Tulidhani tunalinda tumaini letu. Mparachichi uliobebeshwa huanza kuzaa katika miaka mitatu au minne. Waliopanda mwaka ule wamekula matunda miaka karibu kumi. Baadhi yao wamekwisha kupata safari na wameondoka, na miti haikuwazuia hata kidogo. Majirani wanaichuma. Sisi tuliobaki na tumaini letu safi tunanunua parachichi sokoni.

Tuliingia Mbarara saa tisa na nusu alasiri, miguu ikitetemeka. Fundi wa mjini aliifungua cherehani, akabadilisha kipuri kwa dakika arobaini, akaizungusha kwa kidole kimoja. Tukalala kwa ndugu mmoja wa kwetu, na keshoye tukarudi kwa njia ile ile. Miteremko ya jana ikawa milima, na milima ikawa miteremko. Katika mzigo wa kurudi tulikuwa na vitu viwili vya ziada, miche miwili ya parachichi katika mifuko ya plastiki, tuliyoinunua kando ya barabara kwa fedha tuliyookoa kwenye nauli ya kurudi. Akina mama wa kikundi walituruhusu baadaye, na tunawashukuru.

Mmoja tumeupanda nyuma ya nyumba yetu. Wa pili tulimpelekea jirani. Tulimweleza yote, kuanzia daftari mpaka kijana wa matoke. Tulimwambia kwamba hatuwezi kumwonyesha mteremko, kwa kuwa hatuujui uko wapi, na kwamba mzee naye haujui. Tulimwambia mlima haulipwi. Asiyelipwa si mjinga, wala hakuwa analala hiyo miaka kumi na minne. Alikuwa anaishi, nasi ni mashahidi wake.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Ndugu, ninyi mlikwenda mkarudi. Siku mbili. Msifananishe." Tukanyamaza, kwa sababu ni kweli.

Cherehani inafanya kazi. Mke wake amejiandikisha katika kikundi na ameshona sare tatu za shule. Kitanda tulichompelekea kinalaza watoto watatu. Mche wa parachichi hajaupanda. Uko mlangoni pake, bado katika mfuko wake wa plastiki, ili uweze kubebeka kama simu itapigwa. Lakini tunapopita jioni tunaona udongo wake umelowa. Anaumwagilia kila siku, na juzi aliuhamishia katika ndoo kuukuu kwa kuwa mizizi ilikuwa imejaa mfuko.

Wasomaji wetu, wenye jibu lililo bora kuliko letu waliandike na kulitia katika sanduku mlangoni mwa kanisa. Tutalichapisha.